Picha za Mama Mdogo

Mara ya kwanza mama mdogo wake Fundi alipofika hospitali kuu, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, alifika akiwa takataka ya herufi. Uso wake, shavu lake lililoanza kuvimba, kitambaa cha njano alichokiazima kwa jirani ili madaktari wamwone mtu wa heshima, vyote vilifika vikiwa vistari, nukta, alama za mshangao na vijidudu vingine ambavyo hata mwenye kompyuta yake hajui vinaitwaje. Kurasa kwa kurasa. Makarani wa rufaa walizitazama, wakacheka kidogo, wakabonyeza kitufe cha "Kiambatisho hakisomeki", na mfumo ukajibu wenyewe kwa adabu zake zote: Tafadhali tuma tena.

Hospitali nzima ilimwita Fundi, na wengi hawakujua kama alikuwa na jina jingine. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, hivyo alishinda humo akisikiliza mashine zikizungusha maji na kunusa sabuni mpaka nywele zake zikanuka sabuni. Kazi yake ilikuwa kuulea ule mfumo wa tiketi. Hospitali ndogo za mbali zikipata mgonjwa wa kupasuliwa, huandika barua pepe na kuambatisha picha. Mfumo huipokea barua, huigeuza kuwa tiketi, huipa namba na kuipanga kwenye foleni. Kila Alhamisi jopo la wapasuaji hukaa, huanza juu ya foleni na kushuka mpaka muda uishe. Ambaye picha yake haionekani haitwi, na ambaye hajaitwa getini hapiti. Usiniulize walinzi wa lile geti walitolewa wapi, maana hata mgonjwa wa machela walimdai namba.

Sasa huyu mama mdogo hakuwa mama mdogo wa kusalimiwa sikukuu hadi sikukuu. Mama mzazi alifariki Fundi akiwa bado anabebwa mgongoni, akahamia mgongo wa mama mdogo, basi. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyempa jina la Bi Maswali kwa sababu mtoto yule alikuwa hanyamazi: mbona mwezi unatufuata, mbona kuku hana meno, mbona wewe hukuolewa. Hilo la mwisho lilimletea kofi, lakini jina lilibaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bi Maswali. Haya, wameniona hao wakubwa?"

"Bado, mama. Picha imefika vibaya. Uvimbe unauma? Unakula? Nesi amepima nini leo?"

"Loh! Hata salamu hujamaliza. Uvimbe ni kadogo tu, kama nimeficha pipi. Hauniumi. Ni huu ubaya wa sura ndio unaniudhi."

"Mwambie Nesi atume tena, mama. Msichoke. Kila wakikataa, atume tena."

Akamwambia. Na Nesi wa hospitali ndogo ya kule kwao, mwanamke mwenye moyo kwelikweli, akatuma tena. Akafikiri labda picha ndiyo mbaya, akampiga nyingine, safari hii nje penye mwanga. Ikarudi. Akapiga nyingine, kwa karibu zaidi, akaambatisha na eksirei. Ikarudi. Kila jibu lilipofika, mama mdogo alikwenda kwa jirani kuazima kitambaa cha njano, akakifunga vizuri, akajikokota mpaka hospitalini, akakaa kwenye kiti cha plastiki akaangalia kamera. Na kila mara mfumo ulisema: Tafadhali tuma tena.

Fundi hakukaa bure, haki yake apewe. Siku ya kwanza tu alipozitazama zile takataka kwa makini, alikuta kwenye mstari wa juu kabisa herufi nne zinazosomeka: J, F, I, F. Mtu wa kazi ile anazijua herufi hizo, maana picha nyingi za kamera hubeba alama hiyo kichwani. Kumbe ndani mlikuwa na picha nzima nzima, haijaharibika hata chembe! Akaifungua barua yenyewe, ile mbichi, kabla mfumo haujaigusa, na hapo akaliona lile balaa. Kompyuta mpya ya kule kwa Nesi ilibandika lebo moja kwa kila kitu ilichotuma: maandishi. Picha, maandishi. Eksirei, maandishi. Ungeambatisha mbuzi, ingeandika maandishi. Na mfumo wa hospitali kuu ulisoma lebo, ukaamini, ukaifungua picha kama mtu anavyofungua barua ya maneno. Ni sawa na kupewa mkebe ulioandikwa sukari, ndani chumvi, unakoroga chai unatema, na kesho unakoroga tena kutoka mkebe uleule.

Dawa ilikuwa ndogo. Kanuni moja tu ya kuuambia mfumo: usiamini lebo, chungulia mwanzo wa faili kwanza. Kazi ya kabla ya chai ya saa nne. Lakini nani akuruhusu?

Alianza na wale waliouuza mfumo. Kuwafikia, lazima ufungue tiketi kwenye mfumo wao. Wakakaa kimya, halafu wakajibu: kwa mujibu wa lebo, kiambatisho ni maandishi, mfumo unafanya kazi yake ipasavyo, tunaifunga tiketi hii. Akampigia Nesi.

"Dada, hebu cheki kompyuta yenu, inabandika lebo mbaya."

"Lebo gani tena? Mimi hapa picha nazifungua vizuri tu. Yule kijana aliyeileta alishaondoka na simu yake haipatikani. Niguse nini, nikiharibu? Ndiyo hii hii moja tuliyonayo."

Alikuwa na haki. Fundi akapanda juu kwa bosi wake.

Bosi huyo walimwita Kijani, ingawa si mbele yake. Kwenye ukuta wa ofisi yake kulikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha tiketi zote za hospitali, zilizo wazi kwa rangi nyekundu, zilizofungwa kwa kijani, na mzee huyo alikuwa akikitazama namna watu wengine wanavyotazama mpira. Hakuwa mtu mbaya. Ungemkuta msibani, angekuwa wa kwanza kubeba viti. Ila nyekundu ilimnyima usingizi.

"Wakaguzi wa ubora wanakuja," alisema. "Hakuna mtu kugusa mfumo mpaka waondoke."

"Bosi, ni kanuni moja. Na nyuma ya hizi tiketi kuna watu."

"Fundi, nyuma ya kila tiketi kuna mtu. Ndiyo maana tunazifunga."

Fundi akasogea karibu na meza. Akasema alichokuwa amejiapiza asikiseme, "Bosi, mmoja wao ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea."

Laiti angenyamaza! Kijani alivua miwani, akamhurumia kwa dhati, akamwambia pole sana binti yangu, halafu akamweleza kwamba basi ndiyo kabisa, asiguse chochote kinachohusu foleni ya upasuaji, watu watasema anapendelea ndugu. Akamwandikia na barua ya kumkataza, kwa usalama wake mwenyewe, eti.

Ndivyo alivyopigwa danadana. Akachomoa picha moja ya mama mdogo kwenye barua mbichi, akaichapa kwenye karatasi, akamsubiri Mpasuaji, mwenyekiti wa jopo, kwenye korido. Mpasuaji aliipokea, akaiangalia kwa kutembea, akamrudishia. "Korido hii kila siku nashikwa shati na mwenye ndugu," alisema, wala hakusema kwa jeuri, alisema kwa uchovu. "Nikianza kupokea picha mkononi, nani atabaki kwenye foleni? Iingie kwenye tiketi, nitaiona." Fundi akaikunja karatasi yake, maana yule mtu alisema kweli.

Wakaguzi waliahirisha. Wakaahirisha tena. Mvua zilizokuwa zinaanza zilimaliza kunyesha, matope yakawa vumbi. Kwenye simu, sauti ya mama mdogo ilianza kubadilika. Maneno yalitoka mazito, kama anaongea na tonge mdomoni.

"Nesi ametuma leo?"

"Ametuma. Tangu asubuhi. Siku hizi anazituma hata kabla hawajajibu, yule binti ana bidii."

"Vizuri sana, mama. Aendelee hivyohivyo. Msichoke."

"Sijachoka. Ila huyu jirani na kitambaa chake ndiye kachoka. Jana kaniuliza kama nimepata mchumba."

Wakacheka wote wawili. Fundi alipokata simu alijifungia chooni akalia mpaka kwikwi.

Kesho yake mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, alisema potelea mbali. Aliitoa barua ya Kijani mezani, akaitia kwenye droo, akajifungia ofisini, akaiandika ile kanuni. Alijua akikamatwa amemwaga unga, na kwa umri wake nani angemwajiri tena? Akaijaribu kwenye tiketi moja. Zile takataka zikapotea kwenye kioo, na mahali pake pakatokea mguu wa mtoto, mguu halisi, wenye kidonda na soksi iliyoshushwa. Akajaribu nyingine: eksirei ya kifua. Nyingine: mkono. Watu walikuwa wanajitokeza mmojammoja kwenye kioo, na Fundi alikuwa anawapigia makofi peke yake kama mwendawazimu, machozi yakimtiririka, upande wa pili wa ukuta mashine za kufulia zikinguruma.

Akapanda ngazi mbio mpaka kwa Karani wa rufaa, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akivaa sweta hata kwenye joto.

"Hebu niangalizie huyu yuko wapi kwenye foleni." Akamtajia namba ya mgonjwa. "Alitumwa mvua zinaanza, lazima yuko juu kabisa. Picha zinafunguka sasa."

Karani akatafuta juu. Akashuka. Akaendelea kushuka, akilamba kidole kama mtu anayefunua kurasa, mpaka akafika chini ambako hakuna tena pa kushuka.

"Huyu hapa. Wa mwisho. Ameingia asubuhi ya leo."

"Haiwezekani. Ametuma tangu mvua!"

"Ametuma tena leo. Anayetuma upya anaanza upya, Fundi. Hukujua? Kijani ndiye aliyeiweka, wakati ule hospitali ndogo zilipokuwa zinatumatuma hovyo ili ziwapite wenzao. Ukituma tena, ile ya zamani inafungwa, wewe unarudi mkiani." Karani alitikisa kichwa, akavuta sweta. "Wenzake kutoka hospitali ileile walituma mara moja, wakaambiwa watume tena, hawakutuma. Walikata tamaa tu, maskini. Tiketi zao zilibaki palepale na sasa ziko juu. Alhamisi hii wataonekana. Sijui huyu nani alimshauri atume kila siku."

Fundi alitafuta kiti. Miezi yote ile alikuwa chini ya ngazi na mashine zake, na mambo ya makarani hakuyajua. Mashine aliijua nje ndani, foleni hakuijua. Na kila alipomwambia mama mdogo msichoke, kila alipomsifu Nesi kwa bidii yake, alikuwa anamshika mkono yule mama mwenyewe, kwa upendo wote, anamrudisha nyuma ya watu wote.

"Ni mimi," alisema. "Nimemshauri mimi. Ni mama yangu mdogo."

Karani alisimama, akafunga mlango, akarudi kwenye kompyuta, akaishika ile tiketi ya mkiani na kuiburuta mpaka juu kabisa ya foleni. Kosa la kumfukuzisha kazi, na alilifanya bila hata kugeuka kuona kama anatazamwa. Kisha akainua simu akamwita Mpasuaji. "Daktari, njoo mara moja. Usiniulize, njoo."

Wakati wanamsubiri, Fundi alifungua tiketi zote za zamani zilizofungwa, kwa sababu sasa zilikuwa zinafunguka. Zikajipanga kwenye kioo, kutoka ya kwanza hadi ya leo.

Kwenye ya kwanza mama mdogo alikuwa anacheka na kamera, kichwa kimeinamishwa kidogo kama msichana, shavu moja limejaa. Kweli kama aliyeficha pipi. Kwenye ya pili alikuwa nje, macho yamekunjwa kwa jua. Kisha pipi ikawa embe. Kisha mdomo ukaanza kwenda upande. Kisha akaacha kucheka, halafu kwenye iliyofuata akajaribu tena kucheka, labda Nesi alimwomba. Kitambaa kilikuwa kilekile, njano ileile, kila mara kimefungwa kwa uangalifu, ila fundo lilizidi kusogezwa nyuma kwa sababu mbele pamejaa. Kwenye ya leo asubuhi jicho moja lilikuwa limezibwa. Jingine lilitazama kamera moja kwa moja, likingoja.

Mpasuaji aliingia akihema. Akasogeza kiti, akazitazama zote, akarudi kwenye ya kwanza, akakaa nayo muda.

"Hii ilitumwa lini?"

"Mvua zinaanza," Fundi akajibu.

"Hii ningempasua wiki ileile. Angerudi nyumbani na kovu." Akaiacha, akasogea kwenye eksirei ya mwisho, akaonyesha kwa kalamu bila kuigusa skrini. "Hapa uvimbe umeshika mfupa wote. Hapa umepita chini ya jicho, unaingia ndani. Nikiugusa huu, ananifia mezani." Akamgeukia Fundi, na Fundi akaona amemkumbuka, amemkumbuka na ile karatasi ya korido. "Wewe ndiye uliyenionyesha picha ile."

"Ndiyo, daktari. Wakati ule ingewezekana?"

Mpasuaji aliweka kalamu mfukoni. Akasema tu kwamba ataandika dawa kali ya maumivu, ipelekwe kwa gari la dawa, asiteseke. Akaondoka taratibu kuliko alivyokuja. Karani akaandika jibu kwenye tiketi, na mara tu alipobonyeza, mfumo ukaongeza maneno yake yenyewe chini: Tatizo lako limeshughulikiwa. Tunafurahi kukuhudumia.

Jioni Kijani alishuka mwenyewe chini ya ngazi. Fundi alisimama, akajua mambo yameiva, ndiyo kazi imekwisha. Lakini mzee alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Tiketi za malalamiko ya picha, zilizokuwa nyekundu miezi yote, zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, kioo kizima kijani tupu, na wakaguzi wako njiani kesho. Sijui umefanya nini na sitaki kujua, akasema. Akampiga bega. Akauliza na yule mama yako anaendeleaje, na kabla hajajibiwa simu yake ikaita, akapanda ngazi akiongea.

Fundi akapiga simu. Aliyapanga maneno, akayapangua. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Neno lilichukua muda kutoka. "Haya. Wameniona?"

"Wamekuona, mama. Picha zimefunguka. Zote."

"Zote! Hata ile ya kwanza?"

"Hata ile ya kwanza. Ulitoka vizuri sana."

Mama mdogo akacheka kwa puani, kwa sababu mdomo ulikuwa haufai tena kuchekea. Kisha akangoja. Fundi naye akangoja, hajui anangoja nini. Kule kwao kulisikika mtu akifagia uwanja. Alitaka kusema mama, ni mimi niliyekurudisha nyuma. Alitaka kusema wanaleta dawa nzuri.

"Bi Maswali," mama mdogo akasema polepole.

"Abee, mama."

"Mbona leo hujaniuliza kama unauma? Hujauliza nimekula nini. Hujauliza hata Nesi ametuma."

Fundi alibana simu sikioni kwa mikono yote miwili.

"Haya, mwanangu," mama mdogo akasema, taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia zamani kumfunika shuka. "Nimesikia. Usilie, utaumwa kichwa. Basi kesho asubuhi nitamrudishia jirani kitambaa chake."